Sikuhesabu, Mzee Kibet

Mzee Kibet,

Uniwie radhi kwa mwandiko huu wa mgonjwa. Daktari ameacha kunipa tarehe ya kurudi, nami nimeelewa. Naandika sasa kabla sijakosa tena ujasiri, kama nilivyoukosa miaka hii yote.

Shamba letu la Rongai usingelitambua. Mazizi ya farasi yamekuwa ghala la mahindi, na uwanja tulikowatembeza majike wenye mimba umelimwa hadi kwenye ua. Nilistaafu nikiwa meneja. Hata wajukuu huniita Bwana Meneja, na kila wakiniita nakukumbuka, kwa sababu njia ya cheo hicho ilifunguka siku uliyofukuzwa.

Ulinipokea nikitoka shule, nina cheti na viatu, sijui hata upande wa kumkaribia farasi. Wewe ukiwa mkubwa wa masaisi wote, watunza farasi wa shamba, ukanipa jina la Karani. "Karani, huyo si kitabu, usimfungue kwa nyuma," ulisema nilipotaka kupita nyuma ya dume, na masaisi wakacheka mpaka wakashika mbavu. Lakini nilipokwambia nataka siku moja kusimamia shamba la kuzalisha farasi, kazi ya wazungu wakati ule, hukucheka. Ulinifundisha.

Ulinifundisha kondo. Jike akishazaa, kondo linalotoka hutandazwa kwenye majani, nalo lina umbo la suruali. "Hesabu miguu," ulisema. "Ukiona ncha ya mguu mmoja haiko, ujue imebaki ndani ya mama, na itamuua."

Bibi Harusi, yule jike mwekundu mwenye paji jeupe, alizaa alfajiri. Asubuhi hiyo Bwana, mzungu mwenye shamba, alikuwa na wageni kutoka Nakuru, na alikuwa ameniahidi kunionyesha kwao kama kijana anayemwandaa kwa usimamizi. Nilivaa shati jeupe. Wewe ulikuwa umeinama, umemshikilia mtoto afikie titi, ukasema, "Karani, angalia kondo." Nililiona pale, limelowa damu. Nikatazama mikono ya shati langu. Nikalisukuma kwa koleo hadi shimoni.

"Umehesabu?"

"Yote miwili, mzee."

"Haya, andika."

Nikaandika kitabuni: kamili. Na mahali pa jina la mkaguzi nikaweka jina lako, kama siku zote.

Siku ya tatu Bibi Harusi alikataa majani, kwato zake zikawa moto. Daktari wa mifugo alitoa ndani yake kipande kidogo kama kiganja changu. Alikuwa amechelewa. Jike alikufa kesho yake.

Bwana alitukusanya, kitabu mkononi. "Kibet, hapa naandika wewe naangalia. Wewe naangalia, ama hapana?"

Ulinitazama. Si kwa muda mrefu. Kisha ukasema, "Ni kazi yangu, Bwana."

Maneno matatu tu yangetosha: Bwana, ni mimi. Nilitazama chini.

Mlipewa siku mbili za kuhama. Mkeo alivuna mahindi yakiwa bado mabichi. Bwana alikataa kukuandikia barua ya kazi, na bila barua hakuna shamba lililokuruhusu kugusa farasi. Ukalima viazi vya watu kule Mau Narok mpaka ukafa. Siku ya kuondoka ulipita zizini, nikadhani umenijia mimi. "Yule mtoto anywe kila saa," ulisema. "Maziwa ya ng'ombe uyapunguze kwa maji, utie sukari kidogo. Usimnyweshe akiwa amelala." Ukaenda. Mtoto aliishi, mzee. Nilisifiwa hata kwa hilo.

Kwenye mazishi yako nilisimama nikasema ulikuwa mwalimu wangu. Binti yako Tabitha alinishika mikono miwili. "Baba hakuwahi kukusema vibaya," aliniambia. "Yale makosa ya yule farasi ndiyo yalimmaliza." Makosa. Alidhani ni yako, nami nikamwacha adhani.

Mwaka jana, harusini kwa mjukuu wako, mume wa Tabitha alimkemea mwanawe aliyesahau kufunga geti. "Wewe umemrithi babu yako," alisema, "macho wazi na huoni kitu." Watu walicheka. Tabitha aliinamisha kichwa. Mimi nilikuwa meza ya mbele, mgeni wa heshima, na nikaendelea kula. 

Nimemwita Tabitha aje Jumamosi, yeye na mumewe na watoto wao. Wangu pia watakuwepo. Sitasema nilikuwa kijana. Sitasema Bwana alikuwa mkali. Nitasema sikuhesabu, nikadanganya kwamba nimehesabu, nawe ukafukuzwa kwa uongo wangu. Sauti ikinikataa, mwanangu mkubwa atasoma barua hii. Nimemwonyesha ilipo, ingawa bado hajui yaliyomo. Huenda baada ya hapo hatanisalimia. Huenda Tabitha hatakuja kunizika, na nimewaambia wa nyumbani wasimsihi.

Msamaha sikuombi leo. Nitauomba kwako wakati wajukuu wako watakapokuwa wanakujua kama ulivyokuwa: saisi ambaye jike hakuwahi kumfia kwa uzembe wake.

Pumzika, mzee wangu. Jumamosi si mbali, na nitajitahidi kufika.

Zakayo