Hadithi Yangu Kinywani mwa Eugénie

Jumapili, 3 Juni 2012

Baada ya misa, mimi na Eugénie kwenye kibanda cha video cha Faruku tena. Ile filimu ya inspekta! Kizee kifupi, mfuko wa mboga mkononi, utadhani amepotea njia ya sokoni. Muuaji anamdharau, anampa chai. Mzee anakunywa, anaisifu chai, anauliza kitu kidogo tu — nani alifunga dirisha? — basi, mtu kwisha! Eugénie alinibana mkono: "Ona! Anaonekana mujinga, kumbe!" Tulicheka mpaka Faruku akatunyamazisha.

Bila yeye ningekuwa wapi? Tulilala mkeka mmoja Kabazana, kituo cha mapokezi ya wakimbizi, siku zile tulipofika. Yeye peke yake nilimweleza ya Constantin, marehemu mume wangu.

Jumamosi, 9 Juni

Jina langu limebandikwa! Intavyu ya kuhamia Kanada — Alhamisi. Eugénie alifanya yake Aprili. Kasema nisiogope. Lakini hakunitazama. Labda uchovu wa shamba.

Alhamisi, 14 Juni



Afisa ni mama wa Mbarara, mdogo, ndala miguuni. Kalamu yake ilikauka, akaazima yangu. Nikawaza: wamenipa mwanafunzi. Nikamweleza yote. Kwamba nilimzika Constantin peke yangu, nyuma ya nyumba, kule kwetu Mwenga, nikamfunika kikwembe changu, kitenge cha harusi.

"Pole, mama. Hiyo kikwembe ilikuwa na picha gani?"

"Ndege. Ndege wa manjano."

Akafunga dosie, faili langu, polepole. Akasema kuna mama mwingine alimzika mume wake na ndege hao hao.

"Sasa wewe, hii maneno ulisikia kwa nani?"

Mimi! Nilisikia kwa nani!

Akauliza kama niliwahi kumweleza mtu. Nikasema hapana. Kwa nini nimemficha Eugénie? Ana watoto wanne, ndiyo. Lakini Patient, mume wake, yuko hai Bukavu — juzi tu alipiga simu kusalimia watoto!

Jumapili, 17 Juni

Sikwenda misa. Nilimkuta Eugénie anachambua maharagwe. Nikamuuliza. Hata hakukana.

"Yangu haina damu, dada. Patient alinifukuza tu. Nani atasikiliza ile? Ya kwako ilikuwa muzuri."

Muzuri!

Nikamwambia amemfukua mume wangu ili apate pa kupita. Akalia. Mimi sikulia. Nilirudi nikajifungia ndani, mchana kweupe.

Jumanne, 19 Juni

Naandika hapa kwenye benchi la ofisi. Wameniita tena. Eugénie naye kaitwa — yuko pale mwisho wa benchi. Ananinong'oneza niwafikirie watoto. Naendelea kuandika. Jina lake, la kumtajia afisa, liko kwenye ulimi tangu asubuhi.

Yule afisa amechungulia mlangoni, karatasi zinamponyoka. Hajataja jina la mtu.

"Ule mama wa kikwembe, kuja."

Tumesimama sote wawili. Naandika wima. Hakuna anayetangulia.