Nyekundu ya Kahawa, Nyekundu ya Mashine

Rwamishenye, Jumanne. Mvua imetoka ziwani tangu alfajiri, nyembamba, isiyo na haraka. Moyo wangu nao uko hivyo hivyo.

Kosa la wengi tunaoandika maelekezo ya vifaa ni kudhani kazi yetu inaanza kifaa kikishakamilika. Tunakipokea kama kilivyo, tunakaa mezani, tunatafuta sentensi nzuri. Kifaa kikiwa kimepinda, tunajaribu kukinyoosha kwa maneno.

Jana nilikuwa Kamachumu, kule Muleba, nikaona maneno yanavyoshindwa.

Nieleze vizuri. Tangu nistaafu ualimu nimekuwa nikiandika maelekezo ya Kiswahili kwa watengenezaji wa vifaa. Safari hii vijana wa kampuni moja ndogo walitengeneza kipima unyevu cha kahawa, wakakigawa kwa wakulima wachache ili kijaribiwe msimu huu. Ni kikombe chenye kitufe kimoja na taa mbili. Unajaza kahawa, unabonyeza, unasubiri. Taa nyekundu maana yake bado ina maji. Taa ya kijani maana yake imekauka, funga magunia. Karatasi ya maelekezo niliandika mimi. Fupi, safi, na kila aliyeisoma ofisini kwao aliisifu.

Kifaa kimoja alipewa shemeji yangu, Ma Kokugonza, mjane wa kaka yangu. Kahawa ya mwaka huu alikuwa ameiwekea nia moja tu: kujengea kaburi la mumewe, ambalo mpaka leo ni tuta la udongo pale kibanjani, katikati ya migomba. Misa ya kumkumbuka imeshapangwa na ukoo umeshaalikwa.

Aliianika kahawa yake, akaipima, taa ikawaka nyekundu. Akafurahi. Akafunga magunia, akayahifadhi ndani kwa majuma kadhaa akisubiri siku ya kuuza.

Kwenye chama cha msingi, wanakouzia kahawa, karani aliingiza mkono ndani ya gunia la kwanza, akanusa, akalisogeza pembeni. Ukungu. La pili vivyo hivyo, na yaliyofuata. Mzee mmoja kwenye foleni akawachekesha watu akisema kwamba mashine ya Ta Kyaruzi imesoma sana, ila haijawahi kuchuma kahawa.

Ta Kyaruzi ndiye mimi.

Nilipanda kwenda kwake nikiamini kwamba hakusoma karatasi. Nikaikuta ukutani, imebandikwa chini ya picha ya Bikira Maria. Aliisoma siku ya kwanza, akaielewa, akaitundika, kama sisi sote tunavyofanya. Nikamwomba apime mbele yangu, kwa kahawa ile ile iliyokataliwa, nami nikakaa kimya. Kwa mwalimu, kukaa kimya ni kazi ngumu kuliko kuandika. Taa ikawaka nyekundu, na mkono wake ukaenda moja kwa moja kwenye kamba ya gunia.

Nikamuuliza kwa nini anafunga.

"Shemeji, tangu utoto tumeambiwaje? Chuma nyekundu, acha ya kijani. Nyekundu imeiva, kijani ni mbichi. Wewe ulikulia wapi, Ulaya?"

Nilikulia kibanja cha jirani. Nilichapwa kwa kuchuma za kijani.

Akaokota punje moja kavu, bado iko kwenye ganda lake, akaitikisa sikioni. "Zamani nilikuwa naisikiliza hivi. Ikigonga ndani, imekauka. Mkasema mashine inajua kuliko sikio."

Sentensi hiyo iko kwenye karatasi. Nilipoiandika niliipenda.

Nimelifikiria jambo hili usiku kucha na asubuhi hii. Vijana wana jina refu la taaluma yao, ubunifu wa uzoefu wa mtumiaji, na sisi waandishi tunaliogopa kana kwamba ni la wachoraji peke yao. Kumbe maana yake ni ndogo: jua mtu amezoea nini kabla hujampa kitu kipya. Karatasi husomwa na macho, mara moja. Kifaa hushikwa na mkono, kila siku, na mkono hufuata ulichofundishwa zamani. Aliyechagua taa zile alizaliwa kwenye barabara zenye taa, ambako nyekundu ni simama. Kamachumu nyekundu ni nenda kachume.

Nilimpigia simu Doreen, binti aliyebuni kifaa. Akasema taa haziwezi kubadilishwa msimu huu. "Mzee, ongeza tu sentensi moja, kwa herufi nzito." Nikamwambia herufi nzito ziko ukutani, mkono uko kwenye mashine. Akasema taratibu kwamba hajawahi kuona kahawa ikiwa mtini. Simlaumu. Mimi nimeiona maisha yangu yote, ila waliniita skrubu zikiwa zimeshakazwa, na sikuomba kuitwa mapema.

Jana, kabla sijaondoka kwa Ma Kokugonza, nilikata vipande viwili vya plasta ya jeraha, nikaviandika kwa kalamu na kuvibandika kando ya taa. Kwenye nyekundu: BADO. Kwenye kijani: FUNGA. Ma Kokugonza akavaa miwani, akabonyeza, akaitazama nyekundu pamoja na neno lake. Safari hii mkono wake ukabaki magotini.

"Sasa imejua kusema," akasema. "Imechelewa tu, waitu, jamani."

Hakulia. Alinisindikiza mpaka njiani, tukapita kando ya tuta la kaka yangu. Nyasi zimeanza kuota juu yake. Misa itasomwa hivyo hivyo, mbele ya udongo.

Vifaa vingine vimekwenda Rubafu, na huko bado wanaanika. Nimeshanunua plasta. Mvua ikipungua kidogo naondoka, na Doreen nimemjulisha, sikumwomba ruhusa.

Nawe unayesoma hapa, kama unaandika maelekezo ya kitu chochote, hata dawa ya mbegu: leo, kipeleke kwa mtu mmoja atakayekitumia, kaa pembeni yake, funga mdomo, utazame mkono wake unakwenda wapi.