Amina Nisiyoiamini

Mpendwa mshauri, naomba msaada maana Jumamosi inakaribia na sijui nishike lipi. Mimi ni fundi magari, nina mchumba ambaye baba yake ndiye bosi wangu gereji, mzee wa sala kwelikweli, na mimi niliacha kusali miaka miwili iliyopita, si kwa hasira, imani iliniisha tu na sikumficha mtu, sasa mzee anasema asiyemwogopa Mungu hana cha kumzuia, hamwozeshi binti yake mpaka Jumamosi niongoze sala mbele ya familia zote mbili. Mchumba wangu, ninayempenda mno, ananiambia, "Funga macho, sema amina, yaishe." Mshauri, mwezi jana nilirudisha gurudumu la gari la mwalimu mmoja, nikaziweka nati kwa mkono, nikashusha jeki, nikaingia kubishana mambo ya dini na wenzangu, nikasahau kuzikaza kwa spana, naye akaondoka na wanawe watatu. Nilipokumbuka nikamwambia mzee, naye akasema, "Tumwombee, atafika." Mimi nikadandia baiskeli, nikamkuta amesimama kwenye taa za kuongozea magari, nikazikaza, nikamwambia nakagua upepo wa gurudumu. Kama si dini, ni nini kilichonisukuma, na siku nyingine kisiponisukuma je?

Fundi, pole, ila mengine umejitakia. Mimi nasali asubuhi na jioni, na nakwambia usiiseme hiyo amina. Ukianza ndoa kwa kumdanganya baba mkwe, mke atakuamini kwa lipi? Waliokusukuma ni wale watoto watatu. Mzee aliomba, vizuri, lakini sala haikazi nati. Hilo usimwambie kwa kejeli, maana ni huo ulimi wako uliokusahaulisha spana.

Wala usijivike kilemba cha ukoka. Ati upepo! Uliogopa aibu ukadanganya, na hapo hukumshinda mzee kwa lolote. Kitakachokushika siku nyingine ni mazoea ya kusema kweli hata inapouma, na hayo hujayaanza. Kesho nenda kwa mwalimu, mwambie, "Nati zako nilizisahau mimi." Akikufokea, inamisha kichwa. Ijumaa kaa na mzee, binti akiwepo, umwambie hutaongoza sala, ila wengine wakisali utasimama kwa heshima, na imani yake hutaidharau. Akikunyima binti utalia, nami nitakuonea huruma, lakini usirudi kuisema ile amina. Na gari lolote likishuka kwenye jeki, spana kwanza, ubishi baadaye.