Kaka Mutua, Ngoma Sikuziweka Chini

Kwako kaka yangu Mutua,

Najua barua haifiki ulipo. Naiandika wazi ili waliotuita watoto wa shetani waisome pia.

Unakumbuka tulivyoanza? Wewe na gitaa la mtumba, mimi na madebe mawili ya mafuta, tukifanya mazoezi kwenye kinu cha unga pale Migwani, Jumapili mchana kikiwa kimefungwa. Tulitoka na vumbi jeupe hadi kwenye kope. Rock kwa Kikamba! Watu walitucheka. Halafu tukaenda Tseikuru siku ya soko la mbuzi. Ulipogusa uzi wa kwanza, mbuzi walikata kamba. Mimi nilitaka kukimbia. Wewe ukainamia maikrofoni: "Mbuzi wameshindwa. Nyinyi je?" Hakuna aliyeondoka. Baada ya hapo, hadi watu wa mji wa Kiboko walijua nyimbo zetu.

Kisha figo zikakuangusha.

Siku ya mazishi, Mjomba Nzioka alisimama mbele ya ngoma zangu. "Hizo kelele hazitapigwa mbele ya jeneza." Wenzetu wa bendi wakaangalia chini. Mwaitu, mama yetu ambaye hakuwahi kuja kutusikiliza hata siku moja, akainuka kwenye kiti.

"Nzioka, huyu nilimzaa mimi. Mutanu, pigia ndugu yako."

Nikapiga. Nilipiga nikilia, kamasi zikinitoka, nikakosea mdundo mara mbili. Mjomba akaondoka. Sikumfuata kumwomba msamaha, wala sitamfuata.

Wiki chache baadaye mpiga besi wetu akasema tuvunje bendi. "Mwanamke hawezi kubeba kazi ya Mutua." Nikamwambia aende. Akaenda kweli, na sikumbembeleza. Tulibaki watatu.

Jumamosi iliyopita tulipiga mjini Wote. Niliimba mimi, nikiwa nyuma ya ngoma, kwa hii sauti nzito uliyozoea kuitania. Katikati ya wimbo wa pili mtu akapaza sauti: "Tunataka Mutua!"

Nikasimamisha wimbo.

"Hata mimi namtaka," nikamwambia. "Lakini leo mko na mimi."

Nikauanza upya wimbo, kwa nguvu zaidi.

Bado nakulilia, kaka. Lakini nyimbo zako sitaziimba ulivyoziimba wewe. Naziimba nilivyo. Asiyetaka, lango liko wazi.

Pumzika,
Dadako mdogo, Mutanu