Nilimlazimisha Kutafunia Jino Ambalo Halijashika

Mpendwa mshauri, nisaidie, na kama ni kunigombeza nigombeze, maana binti yangu Elvire sasa ananijibu ndiyo na apana tu, akisema anafunika mdomo kwa mkono, hata mbele yangu mi niliyemzaa. Alianguka kwenye moto, hizi pikipiki za abiria, jino la mbele likatoka, daktari wa meno akamutia skrubu kwenye mfupa, akasema tungoje miezi mine mfupa uishike ndipo jino liwekwe juu, mi nikalia palepale kwamba mahari ni mwezi huu, wakwe wametuzidi mali, watamuonaje na pengo, basi akapima, akaona skrubu imekaza, akamuwekea jino la muda siku ileile, akasema hili ni la kuonekana, si la kutafunia, ale vitu laini tu. Mahari ikapita vizuri, kwenye picha zote anacheka.

Wiki iliyofuata wakwe wakatualika kwao Ngagara, mama Armel, mama wa mchumba, akaleta mishikaki ya mbuzi, Elvire akasema ameshiba, yule mama akacheka, "Mukamwana, unaogopa nimekutilia kitu?" Mshauri, unajua kwetu kukataa chakula cha mutu ni kama kumwita mlozi, na hawajui kama jino si lake, mi ndiye niliyeficha, nikamkanyaga mguu chini ya meza, nikasema kula mwanangu, akaniangalia, akala, akivuta nyama kwa meno ya mbele kama wenzake.

Sasa jino linacheza, fizi inatoa maji. Daktari anasema skrubu itoke, mfupa upone kwanza, na harusi ni wiki sita. Nimesikia mjini kuna mwingine anatia mpya siku moja, nimpeleke? Elvire anataka kumwambia Armel, mi namwambia angoje harusi ipite.

Mama Elvire, Kinama

*

Mama Elvire, usimpeleke. Kutia skrubu mpya kwenye kidonda kinachotoa maji ni kutafuta hasara ya pili.

Daktari wako hakukosea. Skrubu ikikaza vizuri, wapo wanaopewa jino siku hiyohiyo na likadumu, lakini kwa sharti lile ulilolisikia kwa masikio yako. Mfupa ulikuwa bado unaishika ile skrubu, nawe ukaitikisa kwa nyama ya mbuzi. Mama Armel usimlaumu, alikuwa anatania. Mezani pale aliyejua ni wewe, na mtoto alipokutazama akiomba umwokoe, ulimkanyaga.

Naielewa hofu ya mama mwenye binti anayeolewa kwa watu waliomzidi. Ila ulimuumiza yeye ili usiaibike wewe, ndiyo maana hakusemeshi.

Rudini kwa daktari wenu wiki hii, skrubu itoke kabla fizi haijavimba. Mwombeni jino la kuvaa na kuvua kwa ajili ya harusi, pichani halijulikani. Baadaye miezi atakayoitaja muingoje yote, hata ikiwa sita, na usiende kumlilia tena.

Armel aambiwe leo, na Elvire mwenyewe. Wewe nenda Ngagara peke yako, ukae na mama Armel, umwambie hivi: siku ile mtoto hakukuogopa wewe, aliniogopa mimi.