Mlinzi Yuko Mlangoni

Jumatano, 2 Aprili
Harusi nne za kuhariri, zote za baada ya Idd. Macho yanawasha. Seva imeleta tena ujumbe ule ule: programu inayotuwezesha wote hapa studio kufungua video kutoka mashine moja ina tundu. Sasisho la usalama limeshatoka. Nimemwambia Bosi Faraji. Kasema seva haizimwi msimu wa harusi. Halafu eti ulinzi gani tena? Nondo ziko dirishani, Mzee Masanja yuko mlangoni na rungu lake. Nimecheka. Baadaye nimekasirika.

Jumamosi, 12 Aprili
Zuhura kapita akitokea Mkuyuni. Mama yake bado yuko eda. Anaomba tuzidi kumtunzia video ya harusi ya Zuhura, hataki iingie nyumbani kabla, ataiangalia akitoka. Mle baba anatoa nasaha, kamshika binti yake mkono. Mwezi haukuisha, akafariki. Hawana kitu kingine chenye sauti yake. Kadi ya kamera tulishaifuta, ndiyo kawaida yetu. Video iko kwenye seva tu. Nimeomba niinakili kwenye flash. Bosi kakataa. Kazi haitoki humu ila kwa mkono wa mteja mwenyewe, kuna mtu aliwahi kukimbia nazo kwa washindani. Jamani!

Ijumaa, 25 Aprili
Nimemkumbusha Bosi lile sasisho. Nimeomba nifanye akiwa msikitini, akirudi atakuta tayari. Kaninunia hadi jioni. Nywila ya seva anayo yeye peke yake. Nimechoka kuonekana mchawi.

Jumatatu, 28 Aprili
Asubuhi mafaili yote yamebadilika majina. Hakuna hata moja linalofunguka. Kwenye kioo cha kompyuta Kiingereza kirefu, wezi wa mtandaoni wanataka hela ndipo wayafungue. Wamepita kwenye tundu lile lile. Mzee Masanja anaapa hakusinzia. Maskini, ni kweli hakusinzia. Bosi kakaa sakafuni, ananiuliza kama tukizima na kuwasha itarudi. Namchukia.

Jumatano, 30 Aprili
Fundi kutoka mjini kajaribu, kashindwa. Kafuta kila kitu, kaweka upya. Sasisho nalo limeingia. Limechukua muda wa kunywa chai tu, basi. Nimeenda chooni kulia.

Alhamisi, 8 Mei
Mama Zuhura katoka eda. Kaja mwenyewe, kapaka wanja, kavaa kitenge kipya. Bosi kamwona dirishani, katoka kwa mlango wa nyuma. Nimemwamkia. Kaitikia marahaba, kaketi mbele ya kioo, kaweka mkoba mapajani.

Nikamwambia.

Hakulia. Kauliza kama nilipokuwa nahariri nilimsikiliza mzee wake. Mara nyingi, mama.

“Basi niambie alivyosema, mwanangu.”

Nikaanza. Nayakumbuka yote, hata pale aliposita. Akafumba macho. Kabla sijafika mwisho akayafumbua, akanitazama.

“Inatosha,” kasema. Kashukuru, kaondoka.

Maneno yalikuwa yale yale. Sauti ilikuwa yangu.