Safari ya Mafia Imevunjika

Koboko, 14 Novemba 2024. Asubuhi ya ukungu na manyunyu.

Dada Rukia,

Mbuzi wako amezaa mapacha.

Mwambie mwenye boti huko Mafia asitungoje Desemba kupiga mbizi na papa potwe. Mume wangu Shafiki tulimzika Jumatatu, nami nimekaa eda. Miwani yake ya maji bado inaning'inia ukutani.

Jana shemeji yangu, ndugu yake marehemu, alileta godoro lake, akacheka: "Wewe enda tu kwa samaki yako, shemeji. Nyumba iko, sisi tutachunga." Mama mkwe naye anasema mjane akisafiri kabla ya eda kwisha, ameiacha nyumba.

Sitoki. Usingizi ulinichukua saa tisa usiku, mgongo nikiwa nimeuegemeza mlangoni.

Mdogo wako,
Zulaika